Jiko Lisilokaa na Moto

Portland, Maine
14 Oktoba 2012

Yaya Séverin, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu zetu kutoka nchi ambayo jua linatoka bila joto. Mimi ni mzima. Mama ni mzima kwa kiasi chake: magoti ni yale yale, mdomo ni ule ule, na bado anamkaripia kila anayeingia na viatu. Mume wangu Honoré amepata kazi kwenye kiwanda cha nyama, mbali sana, safari ya siku mbili kwa basi. Amesema atakuwa anakuja kila mwisho wa mwezi. Mimi niko kule kule kwenye chumba cha kufulia cha hoteli, mashuka juu ya mashuka. Mungu hajatuacha.

Tumehama. Ile nyumba ya kwanza tuliyopewa tulipofika ilikuwa na joto la mabomba. Hii ni ya mbao, na joto lake lote linatoka kwenye jiko moja lililo sebuleni. Si la kupikia, ni la kuota moto, na linakula peleti. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa mpaka ukawa vipande vidogo. Ukiviona utasema ni chakula cha kuku. Unavimimina kwenye tangi la nyuma, unabonyeza kitufe, na mashine inajilisha yenyewe, inajiwasha, inapuliza joto chumbani. Ndivyo walivyotuambia.

Letu halifanyi hivyo. Linawaka vizuri kidogo, halafu moto unalegea, unakuwa rangi ya chungwa, unayumba kama mlevi. Kioo cha mlango kinageuka cheusi. Peleti zinarundikana bila kuungua, mwishowe moto unakufa na taa nyekundu inawaka. Nimemwita mwenye nyumba. Alisimama mlangoni bila hata kuvua kofia, akasema mashine ni nzima, sisi ndio hatujazoea.

Na baridi bado haijaanza, Yaya. Wanaotujua wanasema hii ni salamu tu. Mama sasa analala jikoni, ameegemea oveni niliyoiacha wazi, amevaa makoti mawili. Wewe uliyeshika boiler za mvuke za kiwanda pale Jacobs miaka yote hii, niambie nifanye nini.

Jambo la pili. Mama anataka kukusikia. Tangu Pasaka tunapiga, simu yako imezimwa. Rafiki yako Jeancy anatuambia umeibiwa, na kwamba ukitafutwa uandikiwe barua kwa anwani ya duka lake. Tangu lini watu wanaandikiana barua? Duka lake lenyewe ni la simu! Mama anauliza kama kuna kitu alikukosea siku ile ya kuondoka, pale airport. Nimemwambia hapana. Nimwambie nini kingine?

Mdogo wako,
Élisabeth


Durban
9 Novemba 2012

Élisa mdogo wangu,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara nyingi. Nashukuru Mungu kwa uzima wenu. Huku mimi niko sawa. Mvua zimeanza, chumba changu cha mtaa wa Bluff kinavuja kwenye kona ile ile unayoijua, nimeweka ndoo. Bandarini kazi haisimami, usiku kucha makontena yanagongana na meli zinapiga honi mpaka mtu anakosa usingizi. Kiwandani wako vizuri. Dosie yangu, lile faili la ukimbizi la kuwafuata huko, inaendelea, msiwe na wasiwasi.

Tuje kwa jiko. Furaha yangu kuona swali lako usiniulize. Nimechora hapo nyuma ya karatasi jinsi ninavyolifikiria lilivyo ndani. Nimeuliza, nimesoma kwenye kompyuta ya Jeancy, na moto ni moto popote.

Sikia. Moto wa chungwa unaoyumba, kioo cheusi, peleti kurundikana: vyote vitatu ni ugonjwa mmoja. Moto haupati pumzi. Usifikiri juu ya peleti, fikiri juu ya hewa. Kuna njia moja tu: hewa inaingia chini, inapita kwenye matundu ya kikombe cha moto, inatoka na moshi kwa bomba la nyuma, na kuna feni ya moshi inayoivuta. Mahali popote njia hiyo ikizibwa, moto unalegea.

Kwa hiyo anza hivi. Zima, chomoa waya, acha lipoe mpaka asubuhi. Toa kikombe cha moto, kile kidogo ambacho peleti zinaangukia. Utaona matundu chini yake. Nina hakika yamezibwa na majivu yaliyoyeyuka yakawa kama kioo. Yatoboe moja moja kwa msumari. Ufagie majivu yote, hata yale yaliyojificha nyuma ya vibati. Halafu chukua karatasi, ibane kwenye mlango, ufunge, uivute. Ikitoka bila kushikwa, ile kamba ya pembeni ya mlango imechoka na hewa inaiba njia. Zunguka mlango wote hivyo. Na peleti zenyewe ziweke pakavu. Ukizivunja zikatike kama biskuti; zikipondeka kama ugali, zimeingia maji, tupa.

Habari ya simu: ni kweli nimeibiwa, na sina haraka ya kununua nyingine. Maneno ya simu yanapita, na mashine haichorwi kwa simu. Mwambie Mama hakunikosea chochote. Mwambie avae soksi za sufu.

Ni mimi,
Séverin


Portland
2 Desemba 2012

Yaya,

Salamu na amani. Theluji imeanguka. Mama aliitazama dirishani akasema, "Basi ni hii," kama mtu aliyeletewa bidhaa si ile aliyoagiza. Tumepata kanisa lenye watu wa kwetu Kongo, wa Uvira na wa Fizi, wanaimba vizuri. Pasta amemletea Mama blanketi.

Yaya, ulilijua jiko hili bila kuliona! Matundu yalikuwa yamezibwa kweli, jiwe jeusi gumu kama chuma. Nililitoboa nikiwa nimekaa sakafuni, uso wote majivu, Mama juu yangu anashika tochi na kunielekeza kama fundi mkuu. Karatasi ya mlango ilishikwa kila upande isipokuwa chini. Nikanunua kamba mpya nikaibandika. Tulipoliwasha, moto ukasimama wima, wa manjano, unacheza. Mama alivua koti moja. Kisha akavua la pili! Akalala sebuleni, na mimi nikamsikia anakoroma, nikalia kwa furaha kama mjinga.

Halikudumu wiki. Sasa moto umelegea tena, na kuna kitu kipya: sauti. Nyuma ya jiko kuna kitu kinalia. Si muda wote. Linapoanza linalia, likipata joto linanyamaza, halafu linalia tena.

Nikawaza, kaka yangu akiisikia mara moja tu ataijua. Si wewe uliyekuwa unapita barabarani unasema gari lile bearing imekufa, lile mkanda umelegea? Basi juzi nikampigia Jeancy dukani, nikasema niitie Séverin, nataka nimwekee simu kwenye jiko asikilize. Jeancy akasema, "Yuko hapa hapa, ngoja." Nikangoja. Nikasikia watu, nikasikia muziki. Kisha Jeancy akarudi na sauti nyingine kabisa: "Ametoka, dada. Eish, pole, ametoka." Mama alikuwa amekaa pembeni yangu, amejifunga kitambaa kichwani kabisa kwa ajili ya kuongea nawe. Alikifungua kile kitambaa.

Kwa nini unatukimbia?

Sijui nikuulize nini tena. Nieleze hiyo sauti ni nini. Honoré hakuja mwisho wa mwezi, amesema zamu zimemzidi.

Élisabeth


Durban
5 Januari 2013

Élisa,

Mwaka mpya uwe mwepesi kwenu kuliko uliopita. Krismasi nilikula kwa Jeancy, mke wake alipika sombe la majani ya muhogo na samaki, nikawakumbuka. Joto la huku ni la kuua, ningeweza kuwafungia kwenye kifurushi ningewatumia.

Siku ile ulipopiga nilikuwa natoka. Usiifikirie sana.

Juu ya sauti, niandikie. Unaandika vizuri, ulikuwa wa kwanza darasani. Je, inalia nyembamba kama filimbi au nzito kama kinu? Inakwenda haraka pamoja na feni au polepole pamoja na skrubu ile kubwa inayosukuma peleti? Weka kiganja juu ya bati la nyuma, mahali ambapo hapana moto, usikie kama linatetemeka sawasawa au linaruka. Niambie mkono wako unasema nini.

Wakati tunangoja jibu lako, mimi nakisia ni majivu yameshika mapanga ya feni ya moshi, upande mmoja umekuwa mzito, ndiyo maana inalia. Nimechora namna ya kuifungua: skrubu nne, bati linatoka, unaona feni. Isugue kwa brashi kavu, usiweke maji wala mafuta ya kupikia. Angalia pia mdomo wa bomba nje ya nyumba, ndege wanapenda kujenga mle. Ukimaliza rudishia kila kitu, kaza, liwashe kwa moto mdogo. Litakwenda. Msikae kwenye baridi mkingojea barua zangu.

Na Honoré ana nini? Nilimjua kama mtu anayekuja akisema atakuja.

Mama asilale chini. Mwinue kwa kitu.

Séverin


Portland
27 Januari 2013

Kaka,

Sisi ni wazima, maana yake tuko hai.

Nilifanya ulivyochora. Feni niliisugua ikang'aa. Bomba la nje lilikuwa safi. Sauti ilikuwa nyembamba, kama chuma kinakwaruza chuma, na mkono wangu uliona bati linaruka. Hayo nilitaka kukuandikia. Lakini ulisema liwashe kwa moto mdogo, nikaliwasha.

Lilikwenda. Kelele ilikuwepo lakini lilikwenda, na baridi ya wiki ile sijui nikueleze vipi, maji yaliganda ndani ya glasi dirishani. Jumamosi asubuhi nikiwa nakoroga uji, ile feni ikalia mara moja kwa nguvu, halafu kimya. Nikafikiri, afadhali imenyamaza. Kumbe imekufa. Feni ya moshi imesimama na peleti bado zinaungua. Hapa kila nyumba ina kengele ukutani ya kunusa hewa ya sumu. Ikaanza kupiga kelele. Mama alikuwa amekaa karibu kabisa na jiko. Nilipomwinua alikuwa mlegevu kama nguo iliyoloa. Nikamburuta nje kwenye theluji, sandali mguu mmoja, akiniambia kwa sauti ndogo nimwache kwanza amalizie kulala.

Wazima moto walikuja. Wamelifunga jiko, wamebandika karatasi nyekundu juu yake kwamba lisiwashwe. Mkubwa wao aliniuliza, "Hukusikia feni inakufa? Hiyo inalia wiki nyingi." Nikamwambia nilisikia. Nikamwambia nina kaka fundi. Akasema kifaa hicho hakitengenezwi tena, kampuni yake ilifunga siku nyingi.

Mama alilazwa. Wamegundua moyo wake ulikuwa umechoka toka zamani, maji yanajaa miguuni. Wamemrudisha nyumbani na dawa nyingi na maneno machache. Tunatumia hita mbili za umeme. Mwenye nyumba anasema ataleta jiko jingine kukiwa na joto. Yaani wakati halitakiwi!

Honoré hatarudi. Usiniulize.

Usiniandikie tena juu ya jiko, sitaki kuona mchoro. Mama haulizi dawa, haulizi chakula. Anaamka, anauliza kama umepiga. Piga simu, Séverin. Hata kama una hasira nasi kwa kuondoka tukakuacha, piga umtukane, lakini piga.

Élisabeth


Durban
20 Februari 2013

Élisa mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, basi naanzia mwanzo.

Mwaka jana, kabla ya Pasaka, walinipeleka kupima kifua kwa ajili ya safari. Walikuta TB, na si ile ya kawaida, ni ile inayokataa dawa. Waliniweka hospitali mpaka karibu na barua yako ya kwanza. Simu haikuibiwa. Niliizima mwenyewe, maana mngesikia kikohozi.

Dawa zake ni vidonge vingi na sindano kila siku. Daktari, msichana mdogo mwenye huruma, alinikalisha chini akaniambia wazi: sindano hizi zinaweza kukuponya, na zinaweza kuchukua masikio. Nikauliza nikizikataa? Akasema utakufa. Nikasema basi choma. Kwanza vilikuja vinanda, vinalia mchana na usiku ndani ya kichwa. Halafu maneno ya watu yakawa kama yanatoka chini ya maji. Asubuhi moja niliona mama wa chai anafungua mdomo mbele yangu na hakuna kinachotoka. Nikadhani ni yeye amekuwa bubu.

Sisikii, Élisa. Si kidogo, si upande mmoja. Nimepona kifua na sisikii kitu. Zile meli na makontena nilizokuandikia nilizitoa kwenye kumbukumbu. Kiwandani hawakunirudisha kwenye boiler, na wana haki, mtu asiyesikia valvu ikipiga ataua wenzake. Sasa nafagia kwa mkataba pale jirani. Na dosie imerudishwa nyuma kwa sababu ya ugonjwa. Yule bibi wa ofisini aliniandikia kwenye karatasi: utaanza upya. Nikaandika chini yake: lini? Akainua mabega.

Sikutaka Mama ajue. Mtoto aliyebaki peke yake Durban, halafu kiziwi, angekula nini na habari hiyo? Nikasema nitaandika. Na uliponiletea jiko nilishukuru, nikasema hapa kuna kitu naweza kufanya hata hivi nilivyo. Siku ile uliyotaka nisikilize feni, Jeancy aliniandikia kwenye kiganja, "dada yako, sauti ya mashine." Nilitoka dukani mbio nikazunguka mtaa mzima. Zamani ningeisikia feni hiyo mara moja ningekuambia chomoa waya, bearing imekwisha, toka na Mama chumbani. Badala yake nilikisia. Nikakuandikia liwashe.

Nimesoma barua yako ya mwisho nimekaa kwenye kizingiti cha duka. Sikuinuka mpaka Jeancy alipofunga.

Nitapiga, Élisa. Ninaweza kusema, ila siwezi kusikia. Jumapili ya tarehe 17 Machi, mkitoka kanisani, nitapiga kwa simu ya Jeancy. Nimechagua mbali ili barua hii itangulie. Mweleze Mama kwanza, taratibu, kwa namna yako. Kisha mwekee simu sikioni, anisikilize tu. Asijichoshe kuniuliza kitu, mimi sitajua kama ameuliza.

Séverin


Portland
18 Machi 2013

Séverin,

Leo sitoi salamu.

Tangu Januari sijaona barua yako. Jana tumekaa, simu ikaita, namba ya Jeancy. Niliruka. Nilimwambia Mama, "Ni yeye, ni Séverin," na Mama, ambaye ana wiki mbili hajaketi bila kushikwa, akaketi. Nikafungua sauti ya nje nikamwekea simu karibu na mdomo.

Ulikuwa unapiga kelele kama mtu anayehutubia mkutano. Ulisema, "Mama, ni Séverin, mimi ni mzima." Mama akacheka! Akasema, "Séverin wangu, umekula?" Ukaendelea kusema mvua imenyesha. Akasema, "Umekula, baba?" Ukasema Jeancy anamsalimia. Akauliza bado unalala kwenye kile chumba kinachovuja. Ukasema Élisa asiliwashe tena lile jiko, asikubali mtu yeyote aliwashe. Akauliza kama umepata mke wa kukutunza. Ukasema avae soksi. Ulikuwa unasoma, Séverin. Nilisikia karatasi ikigeuzwa. Umemwandikia mama yako hotuba ukamsomea, na kila alipokuuliza neno ulipita juu yake kama gari juu ya kuku.

Mwisho akasema, polepole sana, "Utakuja lini?" Nikapiga kelele mimi mwenyewe, "Yaya, mjibu!" Wewe ukasema, "Basi Mama, kwaheri, lala salama," ukakata. Lala salama, mchana kweupe.

Mama alinirudishia simu. Akasema, "Huyu mtoto hanisikii." Akageukia ukutani.

Miaka yote alikuwa akisema hivyo ukiwa mdogo, ukimkatalia kwenda kuchota maji. Lakini ulikuwa mdogo.

Nimemaliza.

Élisabeth


Portland
6 Aprili 2013

Yaya wangu,

Mama ametutoka tarehe ishirini na tisa, Ijumaa Kuu, saa tisa mchana, na mimi nimeshika miguu yake iliyovimba. Hakuteseka mwishoni. Waliimba watu wa Uvira.

Barua yako ya Februari ililetwa jana. Bahasha ina mhuri juu ya mhuri. Ilikwenda kwanza kwenye ile nyumba ya zamani, uliandika anwani ya zamani. Nimeisoma nikiwa nimesimama uani, sikuweza kuingia ndani.

Najaribu kukumbuka sauti yake aliposema humsikii. Sijui kama alikuwa analalamika au alikuwa ameelewa. Alikuwa mzazi, huenda alielewa. Kila nikijaribu naisikia tofauti, na sitaki kukudanganya ili upate usingizi. Sijui.

Hata kumzika bado. Ardhi imeganda, jembe halipiti. Wanaweka maiti wa kipupwe kwenye nyumba ya mawe pale makaburini mpaka udongo ulegee, mwezi wa tano labda. Yuko huko, kwenye baridi. Mwenye nyumba alileta jiko jipya juzi. Linafanya kazi vizuri.

Barua yangu ya mwezi wa tatu, kama haijafika, nakuomba ichane bila kuisoma.

Élisabeth


Durban
3 Mei 2013

Élisa,

Zimefika zote mbili siku moja. Nimesoma ya Machi kwanza, kwa sababu ya tarehe. Usijilaumu kwayo, imenipa kitu ambacho nisingekipata kwa mtu mwingine.

Siku ile Jeancy alinipa simu, akainua kidole: wamepokea. Tulikubaliana asimame mbele yangu, akiona kuna neno aniandikie. Akaingia mteja na simu iliyovunjika kioo, akaenda kumhudumia. Mimi nikaendelea kusoma karatasi yangu. Niliisoma haraka kwa kuogopa kulia. Nilifikiri Mama ananyamaza ananisikiliza, kama nilivyokuomba. Nilitoka dukani mwepesi, Élisa, nikatembea mpaka bandarini nikakaa nikatazama kreni. Nilikuwa na furaha mpaka leo asubuhi.

Anwani niliiandika mimi. Mkono ulikuwa umeizoea kwenye zile fomu za dosie.

Sina hasira, na sina la kukuomba ila moja. Mkimzika umwekee zile soksi.

Maneno ya Mama nimeyanakili kwenye karatasi nyingine, maana kwenye barua yako yalichanganyika na hasira. Aliniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula, Mama, Jeancy alininunulia mkate uliotobolewa katikati ukajazwa mchuzi wa maharage, tukagawana. Aliuliza tena, nadhani ni kwa sababu sikujibu: nilikula nikashiba. Chumba ni kile kile na kinavuja, lakini mvua zimekwisha, sasa hivi ni pakavu mpaka mwezi wa tisa. Mke hapana. Alikuwepo mmoja nikiwa hospitali, alikuwa anakuja siku za Jumapili, halafu akaacha, na sikumfuata.

Aliuliza nitakuja lini.

Sitakuja, Mama.

Séverin